Mti Hunyooshwa Ungali Mdogo? Historia ya Kazi ya Kunyoosha Mishale

Wahenga wa Kiswahili walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sisi Wanyarwanda nasi tuna methali inayofanana nayo: igiti kigororwa kikiri gito, yaani mti hunyooshwa ungali mdogo. Wazazi na walimu huzitumia methali hizi mbili wanapozungumzia malezi ya watoto, na kila mtu hukubali bila ubishi. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza kama methali ya mti ni kweli kwa mti wenyewe. Wamekuwapo watu ambao kwa maelfu ya miaka kazi yao ilikuwa ni kunyoosha miti, tena kwa uangalifu kumpita seremala. Watu hao ni watengenezaji wa mishale. Insha hii inaeleza historia ya kazi yao, vifaa walivyotumia na sababu za kazi hiyo kusahauliwa. Vilevile inajibu swali moja: mti uliokwisha kukauka ukiwa umepinda, je, haunyooki tena?

Kwanza ni vizuri tukubaliane kuhusu maneno. Upinde, ambao kwa Kinyarwanda ni umuheto, una kamba inayoitwa upote. Mshale, kwa Kinyarwanda umwambi, una chembe mbele, manyoya nyuma na mti katikati. Mti huo wa mshale huitwa wano. Tunapotembelea makumbusho, macho yetu huvutwa na upinde mrefu au chembe ya chuma yenye miiba. Wano hatulitazami, kwa kuwa laonekana kama kijiti tu. Lakini mpiga upinde yeyote atakuambia kwamba upinde mbovu wenye mishale mizuri waweza kumpatia mtu kitoweo, ilhali upinde mzuri wenye mishale iliyopinda humrudisha nyumbani mikono mitupu.

Sababu yake ni hii. Upinde ukiachiliwa, upote husukuma mshale kutoka nyuma kwa nguvu nyingi na kwa muda mfupi sana. Wano likiwa na kombo, nguvu hiyo haipiti katikati ya mti bali husukuma pembeni, na mshale huondoka ukiwa umekwisha kupotoka. Hewani nao huyumba, hupoteza mwendo na kwenda kusikotarajiwa. Jambo la ajabu ni kwamba hata mshale ulionyooka kabisa hupinda kidogo wakati wa kuondoka. Kwa kuwa upinde wenyewe umesimama njiani, mshale hujipinda kuuzunguka, hujipinda upande wa pili, kisha hutulia, mithili ya samaki anayeogelea. Katika miaka ya 1930, mhandisi Mmarekani Clarence Hickman aliupiga picha mwendo huo kwa kamera za kasi, na jambo ambalo wapiga upinde walilijua kwa uzoefu likaonekana kwa macho. Hivyo fundi wa mishale ana kazi mbili kwa pamoja. Wano linyooke likiwa limetulia, na liwe na ugumu unaofaa ili likipinda liweze kurudi sawa. Mishale ya upinde mmoja sharti ifanane, la sivyo kila mmoja utakwenda kivyake.

Tena upinde mmoja huweza kutumika kwa muda mrefu, lakini mishale hupotea, huvunjika na huondoka na mnyama aliyejeruhiwa. Waswahili walijifariji kwa kusema kuwa mshale kwenda msituni haukupotea, lakini fundi alijua kwamba kesho atatakiwa kutengeneza mwingine. Kwa hiyo kunyoosha mishale hakukuwa kazi ya mara moja maishani. Ilikuwa ni kazi ya kila siku, iliyofanyika jioni kandokando ya moto wakati watu wakizungumza.

Sasa tuitazame kazi yenyewe tangu mwanzo wake. Kunyoosha mshale huanzia msituni, katika kuchagua. Vichaka vingi hutoa matawi yenye kombo na vifundo, lakini kichaka kilichokatwa au kuungua huchipua upya kwa fito ndefu, nyembamba na zilizosimama wima. Wenyeji wa California huko Marekani walijua jambo hilo, nao walikuwa wakichoma vichaka kwa makusudi ili msimu unaofuata wapate fito nzuri za vikapu na mishale. Huo ulikuwa ni unyooshaji wa kwanza, uliofanywa na mmea wenyewe kwa kusaidiwa na binadamu. Hapa methali yetu ina haki yake: mti ulioanza vizuri humpunguzia fundi kazi.

Ushahidi maarufu wa fito za namna hiyo ulipatikana tarehe 19 Septemba 1991, wakati watalii wawili walipouona mwili wa mtu katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Mtu huyo, aliyepewa jina la Ötzi, alikufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Podo lake lilikuwa na mawano 14 yaliyotengenezwa kwa fito za kichaka kinachoitwa viburnum, kila moja likiwa na urefu wa karibu sentimita 85. Kati ya hayo 14, ni mawili tu yaliyokuwa yamekamilika, yakiwa na manyoya na chembe za jiwe, na yote mawili yalikuwa yamevunjika. Yale 12 mengine yalikuwa bado kazi nusu. Upinde wake nao, wenye urefu wa mita 1.82, ulikuwa haujamalizika. Ötzi alipita milimani huku amebeba fito zinazongoja fundi, na fundi huenda alikuwa yeye mwenyewe. Podo hilo linatufundisha kwamba mshale haukuwa kitu cha kukatwa asubuhi na kutumika mchana. Ulipitia hatua nyingi, na mtu alitembea na mishale yake ikiwa katika hatua mbalimbali.

Hatua inayofuata baada ya kukata ni kukausha, na hapa ndipo methali inapoanza kuyumba. Ufito mbichi hupinda kwa urahisi mkononi, ni kweli. Lakini ukiunyoosha ukiwa mbichi na kuuacha, hurudi ulikotoka, au hupinda upande mwingine kadiri maji yanavyotoka ndani yake. Ubichi unatii upesi na kusahau upesi. Ndiyo maana mafundi wa nchi mbalimbali, ambao hawakuwahi kuonana, walifikia uamuzi mmoja: kuzifunga fito pamoja katika mafungu ili zisaidiane kukaa wima, kuziweka kivulini zikauke polepole, na kuzinyoosha kwa moto baada ya hapo.

Moto unafanya nini? Mti umeundwa kwa nyuzi imara za selulosi zilizoshikamanishwa na kitu kinachoitwa lignini, ambacho hufanya kazi kama gundi. Mti unapokuwa baridi, gundi hiyo ni ngumu. Ukipashwa joto linalokaribia la maji yanayochemka, na ndani yake mkiwa mmebaki unyevu kidogo, gundi hulainika na nyuzi huweza kusogea. Fundi akiukunja mti wakati huo na kuushikilia hadi upoe, gundi hugandamana upya katika umbo jipya. Joto likipungua, mti hurudi kwenye kombo lake. Likizidi, mti huungua na kuwa dhaifu, kisha siku moja huvunjika upoteni na vipande vyake huweza kuumiza mkono wa mwenyewe. Kati ya kupungua na kuzidi pana nafasi ndogo, na elimu yote ya fundi imo katika nafasi hiyo.

Maelezo mazuri zaidi ya kazi hii tumeyapata kutokana na maisha ya mtu mmoja aliyepatwa na msiba mkubwa. Tarehe 29 Agosti 1911, mwanamume mmoja aliyechoka na mwenye njaa alionekana karibu na mji wa Oroville, California. Alikuwa Myahi, na watu wa kabila lake walikuwa wameuawa na kumalizwa katika miongo iliyofuata kuingia kwa wachimba dhahabu. Desturi yao haikumruhusu kujitaja jina, kwa hiyo wataalamu wa chuo kikuu walimwita Ishi, neno ambalo katika lugha yake maana yake ni mtu. Aliishi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco hadi alipofariki kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Daktari mpasuaji Saxton Pope alifanya urafiki naye, akajifunza kwake kutumia upinde, na mwaka 1918 alichapisha taarifa kuhusu upinde wa Wayahi.

Kwa mujibu wa Pope, Ishi alikata fito zenye urefu wa karibu sentimita 80, akazibambua maganda, akazifunga pamoja na kuziacha kivulini zikauke. Kisha aliwasha moto mdogo na kukusanya makaa. Alishika ufito karibu na makaa, mahali palipopinda pakielekea kwenye joto, na ulipopata moto aliubonyeza kwa kidole gumba cha mguu au kuukunja kwa mikono yake. Baadaye aliuinua hadi usawa wa jicho na kuutazama kwa urefu wake wote, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Alipoona kombo jingine aliurudisha motoni. Mwishowe aliulainisha kwa kuusugua kati ya vipande viwili vya mawe ya mchanga. Hakuwa na rula wala kipimo. Jicho, moto na kidole cha mguu vilimtosha.

Mtu wa Afrika Mashariki akisoma habari hizo haoni jambo geni. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hufanya kazi iyo hiyo hadi leo. Mwanamume wa Kihadzabe hukata ufito, huubambua na kuupasha moto kwenye makaa, kisha huung'ata kwa meno na kuukunja kwa mikono huku meno yakiushikilia kama jiliwa la fundi. Huutazama kwa jicho moja, huugeuza, na kuupasha tena. Chembe zao wengine huzitengeneza kwa misumari iliyopondwa kwa mawe au nyundo, manyoya hufungwa kwa kano za wanyama, na mishale ya wanyama wakubwa hupakwa sumu ya miti. Vijana wao huanza kushika upinde wakiwa bado watoto wadogo, na hujifunza kunyoosha kwa kuwatazama wakubwa, bila darasa wala mtihani. Meno ya watu wazima hubeba alama za kazi hiyo.

Mahali pengine watu walibuni vifaa maalumu. Nchini Japani, mishale ya mwanzi mwembamba uitwao yadake hukatwa msimu wa baridi, hukaushwa, hupashwa joto juu ya makaa na kunyooshwa kwa gongo fupi lenye mkato wa mshazari liitwalo tamegi. Fundi huingiza mwanzi katika mkato huo na kuukunja kidogo kidogo, fundo kwa fundo. Watu wa Aktiki walitumia vipande vya pembe au meno ya wanyama vilivyotobolewa tundu. Wano hupitishwa tunduni, na kifaa hutumika kama wenzo. Wenyeji wa California waliotumia matete walikuwa na mawe ya sabuni yenye mfereji juu yake. Jiwe lilipashwa moto, tete likawekwa mferejini na kukandamizwa hadi likanyooka.

Vifaa hivi vimewasaidia wanahistoria, na pia vimewachanganya. Katika eneo la Murray Springs huko Arizona, watafiti walifukua kifaa cha mfupa wa mamothi chenye tundu, cha yapata miaka 13,000 iliyopita, na wakakieleza kuwa ni cha kunyooshea miti ya mikuki. Huko Ulaya zimepatikana fimbo nyingi za pembe za kulungu zenye matundu, za zama za mawe, na kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu wamebishana kama zilinyoosha mikuki, zilisokota kamba au zilikuwa fimbo za heshima. Mwaka 2015, katika pango la Hohle Fels nchini Ujerumani, kilipatikana kipande cha jino la mamothi chenye matundu manne yaliyochongwa mifereji ya kuzunguka, na wachunguzi wake walionyesha kwa majaribio kuwa kilifaa kusokotea kamba. Vivyo hivyo, kusini mwa Afrika mawe yenye mifereji hupatikana kwa wingi, lakini mengine yalitumika kusawazisha shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Jiwe halisemi lilitumika kwa kazi gani. Ni lazima mtafiti aangalie upana wa mfereji, alama za moto na vitu vilivyokuwa jirani.

Lugha nayo huhifadhi vifaa ambavyo udongo umevipoteza. Waarabu wa kale walikuwa na kifaa cha kunyooshea miti ya mikuki kilichoitwa thiqaf. Kutokana na mzizi huohuo wa neno, Kiarabu cha leo kina thaqafa, yaani utamaduni na elimu pana, na muthaqqaf, yaani msomi. Zamani mkuki uliokwisha kunyooshwa ndio ulioitwa hivyo. Katika Kiswahili pia twasema mtu mnyoofu tukimaanisha mkweli, na mambo yakiharibika twasema yamekwenda kombo. Ni dhahiri kwamba kazi ya kunyoosha miti ilikuwa mbele ya macho ya watu kwa muda mrefu, hata wakaifanya kipimo cha tabia ya binadamu.

Ipo njia nyingine ya kupata mshale ulionyooka, nayo ni ya dola kubwa. Uingereza ya karne ya 14 na ya 15 ilihitaji mishale kwa maelfu mengi kwa ajili ya vita vyake na Ufaransa. Fito za vichakani zisingetosha. Mafundi walichukua magogo, wakayapasua kwa kufuata nyuzi za mti, kisha wakayaranda vipande hadi vikawa mviringo. Hapo unyoofu haukutoka motoni hasa, bali ulitoka katika kuchagua gogo lenye nyuzi zilizosimama sawa. Jijini London watengenezaji wa mishale walijitenga na watengenezaji wa pinde mwaka 1371 wakawa chama chao wenyewe, jambo linaloonyesha kuwa kazi ya mshale peke yake ilimtosha mtu maisha yake yote. Mwaka 1416, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Agincourt, bunge liliwakataza mafundi wa mitalawanda kutumia mti uitwao aspen, ili mti huo ubaki kwa ajili ya mishale. Anayeshangaa serikali kugombana na washona viatu kuhusu kijiti, na akumbuke kwamba kijiti hicho ndicho kilichobeba ushindi wao.

Mabaki ya mishale hiyo yapo. Tarehe 19 Julai 1545 meli ya kivita Mary Rose ilizama mbele ya macho ya mfalme Henry VIII. Ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, ndani yake na kandokando yake zilikuwa zimepatikana pinde zaidi ya 130 na mishale ipatayo 3,500. Mingi ilitengenezwa kwa mti wa jamii ya aspen. Mwaka uleule wa 1545, mwalimu Roger Ascham alichapisha kitabu chake Toxophilus kuhusu upigaji upinde, akitaja aina nyingi za miti ya mishale na kupendekeza mti mzito zaidi, ash, kwa mishale ya vita. Tope la bahari linatuonyesha mabaharia walichokuwa nacho, na kitabu kinatuonyesha mwalimu alichotaka wawe nacho. Mwanahistoria anavihitaji vyote viwili.

Sasa tulinganishe. Mishale ya Mary Rose ina sheria, chama, kitabu na makumbusho. Mshale wa Mhadzabe umenyooshwa kwa meno na makaa, na moto ukizimika hakuna kinachobaki cha kufukuliwa. Huko Stellmoor karibu na Hamburg, mtafiti Alfred Rust alipata katika miaka ya 1930 mabaki ya mishale ya misonobari ipatayo 100, yenye umri wa zaidi ya miaka 11,000, ambayo tope liliihifadhi. Karibu yote iliangamia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Barani Afrika, katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, zipo chembe za mawe za yapata miaka 64,000 iliyopita ambazo watafiti wanaziona kuwa ni za mishale. Mawano yake yaliliwa na mchwa na mvua zamani. Kama chembe hizo zilisafiri hewani na kulenga, basi kulikuwa na mtu aliyeketi karibu na moto akinyoosha ufito. Kutokuwapo kwa kifaa si ushahidi wa kutokuwapo kwa maarifa. Kanuni hii ni muhimu kwetu Waafrika, kwani kwa muda mrefu vitabu vilivyoandikwa na wageni viliwapima mababu zetu kwa vitu walivyoacha ardhini, kana kwamba elimu isiyoacha jiwe haikuwa elimu.

Dharau hiyo haikuishia vitabuni. Mwaka 1925, Saxton Pope na rafiki yake Arthur Young walifika Tanganyika wakiwa na pinde zao, wakawinda simba kwa mishale. Walipokewa kama wanamichezo hodari, na mwaka uliofuata Pope alitoa kitabu kuhusu safari hiyo. Ustadi wake wa upinde ulianza kwa Ishi, mtu ambaye jamaa zake waliuawa. Tuvuke sasa tuingie Kenya. Wawata, walioitwa pia Waliangulu, walikuwa wawindaji wa tembo katika nchi kavu ya Tsavo na mto Galana. Pinde zao nyingine zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa, na mishale yao ilikuwa na sumu ya msunguti na alama ya mwenyewe. Baada ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo kuanzishwa mwaka 1948, kazi ya mababu zao iligeuka kosa. Katika operesheni ya mwaka 1956 na 1957, wengi wao walikamatwa na kufungwa jela kwa ujangili. Mradi wa Galana ulioanza mwaka 1960 ulikusudia kuwapa njia halali ya kuwinda, lakini haukuwarudishia maisha yao, na mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Haja ya kuwalinda tembo ilikuwa ya kweli, hasa pembe zilipokuwa zikinunuliwa na wafanyabiashara wa mbali. Lakini msomaji na apime mwenyewe: upinde uleule ulimfanya mmoja mwanamichezo na mwingine jangili. Tofauti ilikuwa nani aliyeushika.

Nchini Rwanda, upinde ulikuwa silaha ya vita na pia mchezo. Kulenga shabaha kwa mishale kuliitwa kumasha, na vijana walishindana. Leo wengi wa rika letu hulijua neno hilo kwa kulisikia tu. Tunajua methali ya mti kunyooshwa, lakini mti wenyewe hatujaunyoosha.

Basi turudi kwenye swali. Je, wahenga walikosea? Hawakukosea, bali walisema nusu. Ufito uliochaguliwa vema na mapema ni faida kubwa, kama walivyojua wenyeji wa California waliochoma vichaka vyao. Lakini historia ya mshale, kutoka Eyasi hadi Japani, inashuhudia kwamba unyooshaji unaodumu hufanyika baada ya mti kukauka. Mti mkavu haunyooki kwa nguvu. Ukiulazimisha ukiwa baridi, huvunjika. Hunyooka kwa joto la kiasi, kwa kukunjwa kidogo kidogo, kwa kushikiliwa hadi upoe, na kwa kuangaliwa tena kesho yake, kwa kuwa hata mshale uliokamilika huweza kupinda kwa unyevu ukahitaji kurudishwa motoni.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi yangu. Kwa Kinyarwanda, kunyoosha ni kugorora, na kutokana na kitenzi hicho gereza leo huitwa igororero, mahali pa kunyooshea. Watu wanaopelekwa huko si fito mbichi. Ni watu wazima, na baadhi yao walitenda maovu makubwa mwaka 1994. Tukiifuata methali peke yake, tutasema muda wao umepita na hakuna la kufanya. Tukiwafuata mafundi wa mishale, tutasema kazi ni ngumu, ni ya polepole, haina uhakika wa kufaulu kwa kila mti, lakini inawezekana. Fundi hawezi kukubali kombo libaki kwa kuuhurumia mti, wala hawezi kuutupa mti kabla ya kuupasha moto.

Kwa kuhitimisha, kazi ya kunyoosha mishale ni ndogo machoni, lakini ni miongoni mwa kazi kongwe zaidi za binadamu zinazoendelea hadi leo. Imetunzwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wale waliopokonywa ardhi na misitu ya kukatia fito. Mwaka 2011 baadhi ya Wahadzabe walipata hati ya kumiliki kwa pamoja ardhi yao katika bonde la Yaeda, hatua inayostahili kuigwa, kwa kuwa haiwezekani kuhifadhi elimu ya mshale katika kabati la kioo huku kichaka chake kikifyekwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili katika nchi hizi jirani tuna wajibu wa kuwauliza wazee wetu, maadamu wapo, miti gani ilitumika, ilikaushwa siku ngapi na ilipashwa moto vipi, kisha tuyaandike majibu yao. Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi wala maabara, ila mtu wa kuuliza na mtu wa kusikiliza.